Ekseli ya Pili, Behewa la Tatu

Tata,

Ulikufa Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, wiki sita zilizopita. Lakini mimi nilikuwa nimekupoteza miaka miwili na miezi minne kabla ya hapo, kasoro siku tatu: Jumapili ya Disemba, sebuleni kwako Gesima, mbele ya watu kumi na tisa. Niliwahesabu. Unajua mimi huhesabu nikikasirika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza mezani pa kazi. Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ulikiacha nje na Mama na ng'ombe. Ukishika bisibisi ulirudi kuwa mtu wa reli. "Fundi, lete koleo." Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, msichana wa darasa la tatu, na baba yangu ananiita Fundi.

Mama alinipa sanduku wiki moja baada ya mazishi. "Chukua, ni lako. Lilikuwa chini ya kitanda." Ndani mlikuwa na treni yako yote: injini ndogo uliyopewa na wenzako siku ya kustaafu, reli zake, na mabehewa matatu uliyoyakunja mwenyewe kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. La pili bado lina nusu ya picha ya alizeti kwa ndani. Miaka thelathini na moja ulitengeneza taa za mabehewa ya kweli, kisha ukarudi kwenye majani chai, mahali ambapo mtoto humaliza shule hajaona treni hata moja. Ndiyo maana ulitaka yale mabehewa yawake. "Treni isiyo na taa ni foleni ya masanduku," ulisema.

Sasa acha nieleze ile siku ilivyokuwa, maana imesimuliwa vibaya mara nyingi.

Umeme wa treni ile unatoka kwenye transfoma na kupita kwenye reli zenyewe, moja chanya, nyingine hasi. Behewa likitaka taa, lazima liuchukue kwa magurudumu yake. Kila ekseli ina gurudumu moja linalopitisha umeme na jingine lililozuiwa kwa kipande cha plastiki. Ekseli mbili mbili zimebebwa na fremu moja, bogi: ya mbele inachukua upande wa kushoto, ya nyuma upande wa kulia, na kibati chembamba cha shaba kinaigusa ekseli na kuupandisha umeme hadi kwenye taa. Mabehewa matatu, magurudumu ishirini na manne, ekseli kumi na mbili. Ekseli moja tu ikikaa kinyume, chanya na hasi zinakutana ndani ya bogi. Hapo ni shoti.

Behewa la kwanza na la pili nilipima mwenyewe. La tatu nilishika mita ya umeme, ukanizuia mkono. "Bogi nimezikagua mimi. Wewe funga paa." Nikafunga. Ningefanya nini? Ulikuwa Tata.

Mchana ule ukaita kila mtu. Mabehewa mawili yakazunguka yakiwaka, watoto wakapiga makofi. Ukaunga la tatu, ukafungulia umeme. Transfoma ikanguruma, ikanuka, ikatoa moshi mpaka Mama akafungua madirisha. Na wewe, bila hata kuligeuza behewa, ukasema, "Mikono ya haraka. Nilimwambia umeme si chapati."

Wakacheka. Baba mdogo Nyang'au, ndugu yako, alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ni fundi wa moshi!" Wewe hukucheka, nakupa hiyo. Lakini hukumnyamazisha.

Nilichukua koleo langu nikaondoka. Nilipofungua kibanda changu cha ufundi Suneka, mabati futi sita kwa nane, lile jina lilikuwa limefika kabla yangu. Mteja wangu wa nne aliuliza kama ni mimi yule wa moshi. Akabeba redio yake akaenda. Nimejifunza kwa bodi za redio zilizoungua za watu wengine, hakuna aliyenishika mkono, na leo wananiletea amplifaya za kanisa hadi kutoka Kisii mjini. Hilo hukuliona. Au uliliona? Mama anasema nikimpigia simu ulikuwa unasogeza kiti karibu.

Jumatatu wiki hii nililigeuza behewa la tatu juu chini.

Reli iliwazoeza kwamba behewa likitengenezwa, linaandikwa: nini kimefanywa, lini, na nani. Uliandika hata chini ya jiko la Mama. Basi chini ya behewa, kwa rangi nyeupe, kwa mkono wako: "Ekseli 2 bogi ya nyuma ilikuwa kinyume. Imegeuzwa." Tarehe. Herufi za jina lako.

Tarehe yenyewe ni siku kumi na moja baada ya moshi.

Niliketi sakafuni, Tata. Niliyasoma mara... sijui. Hapo sikuhesabu.

Halafu nikahesabu. Kuanzia ile rangi hadi ile Jumanne uliyokufa ni siku mia nane thelathini na nane. Siku zote hizo ulijua. Nilikuwa Suneka, sikuwa Ulaya. Namba yangu ni ile ile. Ukaliambia bati, ukaacha kuniambia mimi.

Kosa langu nalo nitaliandika, nisije nikawa kama wewe. Sikuweka fyuzi. Fyuzi ya ampea moja ingekatika na transfoma ingepona. Hiyo ni yangu.

Sasa ekseli zote kumi na mbili nimezipima, mara mbili mbili. Kila behewa nimelitia diodi nne ili taa ziwake hata treni ikirudi nyuma, na kapasita ili zisipepese kwenye maungio ya reli. Transfoma yako haifai tena; natumia adapta ya volti kumi na mbili iliyotoka kwenye kisimbuzi cha televisheni. Fyuzi ipo. Mabehewa yote matatu yanawaka. Ungekuwepo ungesema taa ni nyeupe mno.

Jumapili tunakutana nyumbani, watu wote wale, kupanga habari ya jiwe la kaburi lako. Baba mdogo amekwisha kunipigia. "Fundi wa moshi, uje na treni. Tutaweka ndoo ya maji karibu." Nitakuja nayo. Swali ni moja: nikishaizungusha, niligeuze lile behewa mbele yao wasome, au niliache lisimame kwa magurudumu yake? Nikiligeuza, jina langu linasafishika na lako linachafuka, wiki ya saba tu ukiwa chini. Nisipoligeuza, nitaitwa moshi mpaka nizikwe.

Kwaheri, Tata. Migomba iliyo karibu nawe nitaipunguza, imekuwekea kivuli kingi na wewe ulipenda jua. Na naahidi hivi: siku nitakayomkosea mtu, nitamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo, kabla rangi haijakauka.

Lakini kwanza nijibu, maana jibu lako ndilo litakaloamua kama nitaligeuza. Ulipoyaandika yale, ulikusudia niyasome, au ulijua tu kwamba mimi sitaligusa tena behewa lile? Ulikuwa utaniambia? Usinitumie ndoto, wala ndege kwenye paa. Mimi ni mtu wa mita. Jumamosi ni Sabato, sitakusumbua. Una leo na kesho, na asubuhi ya Jumapili. Saa nane kamili mchana mkono wangu utakuwa juu ya behewa la tatu.

Ulikuwa utaniambia, ndiyo au la?

Kemunto