Komfrei Si Tumbaku

Mnyambe, 12 Januari 2024

Shikamoo wifi Agatha,

Habari za Masasi? Sisi wazima, ila simu yangu imekufa, ndiyo maana naandika. Mizizi ya komfrei, ule mmea wako wa kurutubisha udongo, uliyomkabidhi kondakta wa basi imefika, nimeipanda pembeni mwa bustani. Mume wangu, huyo mdogo wako Gasper, anasema udongo umechoka. Mvua zijazo nisipovuna mboga, bustani anaipanda mikorosho. Mimi ninunue mchicha sokoni? Heri nihame! Sasa hiyo komfrei naitumiaje?

Wifi yako,
Anjelina

Masasi, 20 Januari 2024

Marahaba Mama Cyril,

Namshukuru Mungu, miguu tu inasumbua. Majani yakiwa makubwa, yakate uyatandaze chini ya nyanya na bamia. Yakioza ni mbolea, na udongo haukauki upesi, utapunguza safari za maji. Ila si mboga, msiyale, yanadhuru ini. Na Gasper usimweleze mengi, yule hubishana hata na dawa ya kikohozi.

Wifi yako,
Agatha

Mnyambe, 9 Juni 2024

Shikamoo wifi,

Miguu imepona? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Gasper aliyaona yale majani mapana yenye vinyweleo, akadai namficha tumbaku. Akayakausha, akasokota, akavuta mbele ya wenzake. Alikohoa mpaka machozi! Wakamcheka, naye akarudi na jembe akaikatakata komfrei yote, mizizi ikatapakaa bustani nzima. Nimelia, wifi. Bustani yangu ndiyo basi tena.

Wifi yako,
Anjelina

Masasi, 17 Juni 2024

Marahaba Mama Cyril,

Pole, lakini nimecheka hadi majirani wakachungulia. Futa machozi. Kila kipande cha mzizi wa komfrei huota. Mdogo wangu amekupandia bila kujua! Usiokote hata kimoja, subiri mvua.

Wifi yako,
Agatha

Mnyambe, 2 Machi 2025

Shikamoo wifi,

Hujambo na nyumba yako? Huku shibe ipo. Komfrei imeota kila mahali, nakata natandaza, inachipua tena. Bamia zimenizidi, nyanya nauza hadi Kitangari. Nina furaha, wifi, sijui niiweke wapi.

Gasper alizunguka bustani akauliza nani kapanda komfrei yote hii. Nikamwambia, "Wewe, Baba Cyril, na jembe lako." Akanuna siku nzima. Mikorosho yake kaipeleka kule nyuma ya nyumba.

Leo asubuhi alikuja kuomba majani ya kuwekea miche yake. Hakuingia. Alisimama ukingoni mwa bustani, akapiga hodi. Tangu tuoane hajawahi kupiga hodi pale. Nikamwambia karibu.

Wifi yako,
Anjelina