Cheti cha Karakana ya Dada

Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na mwanangu ameshaota meno ya mbele? Kifua chako je, kimepoa, au bado unakohoa na kujitia kidume, hutaki kwenda hospitali? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mafua yalinipitia wiki iliyopita yakaniacha na sauti ya chura, lakini yamekwisha.

Ujumbe wako nimeupata. Umesikia kwamba Dada ametolewa kwenye karakana yake ya ushonaji, na umekasirika. Hata mimi nimekasirika, na hasira zangu nimezigawa kwa watu wengi kabla sijajua pa kuzipeleka. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwenye simu ningekukatiza na kujitetea, unanijua.

Nianze na sheria. Tangu mwanzo wa mwaka huu, jengo la biashara halipangishwi bila cheti cha matumizi ya nishati. Mkaguzi kama mimi anafika na futi na kamera, anapima kuta na madirisha, anahesabu taa na viyoyozi, anaangalia paa limekingwaje na joto, kisha kompyuta inatoa daraja, kuanzia A mpaka G. Likiwa chini ya E, jengo halina ruhusa ya kuwa na mpangaji mpaka litengenezwe. Sina ugomvi na sheria hiyo. Watu walikuwa wakiokwa chini ya mabati huku wenye majengo wakinenepa.

Ila kuna kanuni moja ya kazi yetu. Mkaguzi asipokiona kitu kwa macho yake, na hana picha wala risiti, anajaza lile jibu baya kabisa kulingana na umri wa jengo. Hata kama moyoni anajua vingine. Kanuni hiyo ndiyo iliyomtoa Dada.

Paa lile unalijua kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye uliyelitandika sufi ya kioo ya kuzuia joto, enzi za mwenye jengo wa kwanza, ukawa unarudi nyumbani mikono imevimba kwa kujikuna, Dada anakukanda kwa maji ya chumvi na kukucheka. Mwenye jengo wa sasa alilinunua baadaye na hakujua darini mna nini. Wapangaji wa majengo yake wanamwita Bwana Tutaona, maana bomba likipasuka anasema tutaona, choo kikiziba anasema tutaona.

Kazi ya kulikagua ilipoletwa ofisini kwetu, bosi aliniuliza kama nina undugu na mwenye jengo. Nikasema sina, na nilisema kweli. Kuhusu mpangaji hakuuliza, nami sikumkumbusha.

Daraja likatoka G. Bwana Tutaona, ambaye hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake, safari hii aliona siku ileile. Akampa Dada notisi ya siku thelathini. Miaka kumi na saba, mdogo wangu. Cherehani zilizotulisha mimi na wewe tangu Mama alipofariki, zilizotusomesha mpaka nikaitwa mkaguzi, sasa zimejazana sebuleni kwake zimefunikwa shuka, na kwenda jikoni inabidi upite ubavuubavu. Ovaloki, ile mashine nzito ya kufunga kingo za nguo, niliibeba mwenyewe mgongoni. Mafundi wawili wamepata kazi kwingine. Watatu bado wanakuja asubuhi, wanamsalimia, wanakaa kidogo, wanaondoka.

Halafu Bwana Tutaona akabomoa dari ili aweke kinga ya joto. Akaikuta imelala pale, kavu, haijaguswa hata na panya. Akapiga picha, akaomba ukaguzi upya, na bosi akanituma mimi kwa kuwa jengo nalijua. Likapata D. Saini ni yangu. Leo pale pana ofisi ya bima, wamepaka rangi ya njano, na jasho lako linawapoza watu wasiojua hata kama uliwahi kuzaliwa. Mwenye jengo hakutumia kitu ila misumari ya kurudishia dari.

Umeniuliza kama kweli hapakuwa na njia ya kuingia darini. Wengine wote walioniuliza nimewaambia haikuwepo. Wewe sitakudanganya. Njia ilikuwepo. Kijimlango cha dari kiko stoo, juu ya majora ya vitambaa. Dada aliniuliza ayasogeze aniletee ngazi, nikamwambia aache, nina majengo mengine mawili ya kumaliza kabla ya saa kumi.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Mafundi wake walikuwa wananitazama, na mmoja akatania kwamba leo wamepata mkaguzi wa nyumbani, mambo yatakuwa laini. Nikaona aibu. Nikataka wote waone kwamba mimi si mtu wa kubeba ndugu zangu. Nikakunja uso, nikajaza kwamba paa halina kinga, nikiwa nimesimama chini ya kazi yako. Ngazi yenyewe ilikuwa ya hatua saba. Ningetumia dakika kumi tu. Najichukia kwa jambo hili, na sina namna nyingine ya kulisema.

Dada hajui hiyo nusu ya pili; anaamini ni muda tu ulionibana. Shangazi alipomwambia kwamba nimemuuza, alimjibu kwa ukali: "Mdogo wangu hapendelei mtu, hata mimi. Nilimlea hivyo." Tangu siku hiyo Shangazi hanijibu salamu, na katika ukoo wote yeye peke yake ndiye aliyepatia.

Sasa Dada amepata chumba karibu na soko la mbao. Kina mwanga mzuri na mafundi watatu wako tayari kurudi, lakini hataki kusaini mkataba mpaka mimi nikikague kwanza. Wakaguzi wengine, anasema, hawaamini. Nimemwambia kesho. Hii ni wiki ya tatu namwambia kesho, na mwenye chumba ameshaanza kukionyesha kwa watu wengine.

Nisalimie shemeji, na mwanangu mbusu kila shavu. Shangazi anakuombea. Dada anawasalimu sana, na amemshonea mtoto suruali mbili zilizomo kwenye kifurushi hiki. Amenisisitiza nikueleze vizuri kwamba kosa halikuwa langu, usije ukanichukia bure.

Mola akutunze ugenini na akupe kifua kizima.

Wako akupendaye, ukiweza bado kunipokea,

Kaka yako