Konstebo Hamadi na Macho ya Bi Rukia

Jumanne, 1 Julai

Mtandao wa forodha ulikufa tena. Madereva wa malori walinifokea ofisini mchana kutwa kana kwamba mimi ndiye niliyeuua. Nimepanda ngazi za nyumba hii ya mtaa wa Kuze nikishika ukuta. Nilitaka kulala tu. Lakini Jumanne na Alhamisi, baada ya Magharibi, Bi Rukia mwenye nyumba hunisubiri chumbani kwake, runinga ishawashwa.

Yeye husikiliza, mimi humwambia picha. Jicho lake la kulia halioni kitu. La kushoto huona kidogo, tena kwa karibu, penye mwanga mkali. Basi mimi ndiye wa kusema nani kaingia, kavaa nini, nani kamtazama nani vibaya.

Leo, katika tamthilia yetu ya polisi, Inspekta Nuru kamkamata mlinzi wa ghala asiye na kosa. Nilikasirika hasa. Mwanamke mwerevu vile, na bado anamwamini mkubwa wake, Kamanda Dalu, mtu ambaye hata kicheko chake ni cha mwizi. Bi Rukia hana haja na Inspekta. Wake ni Konstebo Hamadi, kwa sababu hupiga hodi na kuamkia watu kabla ya kuwahoji. "Yule kalelewa," husema.

Nami nampenda Hamadi. Siku hizi ndiye mwanamume pekee anayenichekesha.

Ijumaa, 4 Julai

Niliomba ruhusa kazini, nikampeleka Bi Rukia kwa daktari wa macho. Bintiye yuko Maskati. Hapa hana wa kumshika mkono ila mpangaji wake, Mtaita wa watu.

Daktari alikuwa na haraka. Alizungumza nami kwa Kiingereza, juu ya kichwa cha mgonjwa, kana kwamba hayupo. Presha ya macho. Jicho la kushoto nalo litakwenda. Dawa itachelewesha tu. Pengine mwaka, pengine chini ya hapo.

Kwenye tuktuk aliniuliza kasemaje. Nikasema tone moja asubuhi, moja jioni, na subira. Sikudanganya. Nilisema nusu.

Nilipaswa kuwa ofisini tena saa nane. Sikuwa na nguvu ya nusu ya pili.

Jumanne, 8 Julai

Wamemuua Hamadi.

Hapakuwa na neno hata moja. Muziki tu. Kamanda Dalu alimvizia gatini, akampiga chuma kisogoni, akamsukuma majini. Kofia ikabaki inaelea. Mtu wa kubuniwa! Hata hivyo nilijiinua kitini kana kwamba ningemdaka.

"Mbona kimya?" akauliza Bi Rukia. "Hamadi yuwafanya nini?"

Nikasema anaondoka. Anatembea kando ya maji, anakwenda zake.

"Yuwenda wapi?"

"Haijulikani, Bibi."

Akamwombea salama, akanimiminia kahawa. Nikajiona nimefanya wema.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa.

Katika tamthilia hakuna anayejua kwamba Hamadi amekufa, ila muuaji na sisi watazamaji. Leo Kamanda kamwambia Inspekta kwamba Hamadi ndiye aliyekuwa akiwauzia majambazi siri, na sasa katoroka. Na Inspekta kaamini! Nusura niitupie runinga kiatu. Namchukia. Namchukia kuliko Dalu.

Kisha nikamtazama Bi Rukia. Kajikunyata kitandani. Naye kaamini. Asiamini kwa nini? Si nilimwambia mwenyewe kwamba Hamadi kaondoka kwa miguu yake?

"Na adabu yote ile," akasema. Akaniomba nizime.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka kanisani, nimemkuta Bi Rukia barazani na jirani. Anamwambia wanaojua kuamkia ndio wabaya zaidi. Si mzaha. Muuza maziwa kapita, katoa salamu zake za kila siku, Bi Rukia kageuza uso. Kijana wa watu kabaki na dumu mkononi, hajui kosa lake.

Ningecheka, kama si mimi niliyeyaleta haya.

Mwili mzito. Hata kufua sikufua.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia. Kabla ya kipindi kuanza, nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema.

Hamadi hakutoroka. Aliuawa. Kamanda ndiye aliyemuua, na mimi niliona, nikaficha.

Akanigeuzia sikio.

"Alikufa lini?"

"Wiki iliyopita, Bibi. Palipokuwa kimya."

"Na mimi wiki nzima namlaani."

Akainua mikono, akamsomea Fatiha. Konstebo wa runinga! Sikuthubutu hata kutabasamu. Alipomaliza akajipangusa uso.

"Umenambia urongo nyumbani kwangu," akasema. "Ukaniacha nimdhanie vibaya mtu mwema. Enda zako juu, Wakesho."

Leo hakuniita mwanangu.

Jumatano, 16 Julai

Sabalkheri yangu haikuitikiwa. Kazini nimekosea namba ya kontena, nikafokewa mbele ya watu. Haikuniuma. Pa kuumia palishajaa.

Alhamisi, 17 Julai

Aliniita kutoka chini ya ngazi. Nikashuka nikidhani ananifukuza. Nilishaanza kufikiria nyumba za ng'ambo, huko Likoni, na foleni ya feri kila asubuhi.

Runinga imezimwa. Kanionyesha kiti.

"Yule daktari," akasema. "Alisema nini? Nambia yote. Usinipunguzie."

Nikamwambia. Jicho la kushoto pia. Dawa ni ya kuchelewesha tu. Mwaka, au chini yake. Nikaendelea hadi mwisho.

Hakulia. Aliuliza kama kutauma. Nikasema hakutauma.

"Nalijua," akasema. "Kwenye tuktuk ulinishika mkono kama mtu ashikaye mgonjwa mahututi. Kutoka siku ile nakungoja unambie." Akatafuta goti langu, akalipiga kofi dogo, si la hasira wala si la mapenzi. "Kuona ndiko kunishindako. Kubeba naweza."

Tulikaa. Kipindi kikapita bila sisi. Sikukumbuka hata Inspekta.

Jumamosi, 19 Julai

Sikwenda kazini. Bi Rukia aliniita dirishani, lile la kuelekea kichochoroni, wakati jua limeingia ndani sawasawa. Akaniweka kwenye kibao, uso juani. Akasogea mpaka nikasikia harufu ya iliki katika pumzi yake.

Akanitazama kwa jicho lile la kushoto, kipande kipande. Paji. Nyusi. Mdomo. Akarudi kwenye macho, akakaa hapo. Nilidhani ananihifadhi, kwa siku zinazokuja. Nikajitahidi kutabasamu, ili abaki na uso mzuri.

"Wacha kucheka," akasema.

Nikaacha.

"Kumbe umechoka hivi, mwanangu."

"Nimechoka, Bibi."

"Nawe hukunambia."

Alitandika mkeka pale pale, akipapasa pembe zake moja moja, akaniwekea mto. Akafunga dirisha nusu ili jua lisinipige.

Nimelala mpaka Alasiri.