Lorenz na Picha Iliyokatwa

Mwaka umetimia, Baba Shekinah, tangu ututoke asubuhi ile ya theluji hapa Columbia Heights. Kiti chako kiko palepale dirishani na hakuna anayekikalia.

Ulizaliwa Ujerumani, ukasomea uchoraji huko, ukaja huku Marekani, Minneapolis, ukamwoa Brigitha wetu wa Bukoba. Wenzako walichora milima na matajiri. Wewe ulichora watu wanavyoishi: wauguzi wakisubiri basi, shemeji yako Faustino akisukuma gari lililonasa kwenye theluji, wanakwaya wakigombea pilau. Mtoto akilia uliweka brashi chini, hata kama rangi ilikuwa inakauka.

Picha yako ya mwisho ni Jumapili jikoni kwetu. Wote tumo, na Mama Shekinah yuko pembeni, ametupa mgongo, anamenya ndizi. Hukuweka sahihi chini kama kawaida yako. Jina lako uliliandika kwenye kanga yake, pale penye maneno, ukasema bila yeye usingeichora.

Ulipofariki, Allan, dalali wa picha zako, alimkata Mama akamwondoa pichani. Eti wanunuzi hawapendi mtu aliyewapa mgongo. Kipande alikitupa. Nahashon, fundi wako wa fremu, alikiokota akatuletea, na Mama alilia sana. Tunaandika haya ili watu wamjue Allan.

Hakuwahi kumtazama Mama. Angemtazama, angeliona jina lako. Mnunuzi wake wa Lakeville akauliza sahihi iko wapi, ndipo Allan akaja kumwomba mjane wako athibitishe kuwa kazi ni yako. Mama Kiingereza anakijua vizuri, lakini alimjibu kwa Kiswahili, Shekinah akatafsiri:

"Mwambie kwenye picha ya mume wangu mimi nimo. Hiyo aliyonayo simjui aliyeichora."

Tulimpa chai, maana nyumba yako haijawahi kumnyima mtu chai. Kisha Faustino akamfungulia mlango.

Mnunuzi ameirudisha picha. Allan anapiga simu, nasi tunaiacha ilie huku tunakula. Malipo ni hapahapa duniani, na tumefurahi kuyaona. Kipande cha Mama tumekitundika juu ya kiti chako.

Unakumbukwa na mkeo Brigitha, binti yako Shekinah, shemeji yako Faustino na Nahashon, ambaye sasa ni ndugu.

Lala pema, Lorenz. Wewe hatutakusahau kamwe. Na Allan pia hatutamsahau.