Sokwe Aliyefundishwa Ishara za Dada Yangu

Mpendwa Mshauri, pokea salamu na unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana nafanya kazi hapa Naivasha kwa Mzungu mmoja mtafiti mwenye sokwe jike aitwaye Tinka, aliyeletwa kutoka Kongo akiwa mchanga, na huyo Mzungu aliniandika kazi kwa sababu dada yangu Wangui, ambaye mimi na mume wangu tunaishi naye, ni kiziwi na tangu utotoni tunaongea kwa ishara tulizozibuni wenyewe, basi nikamfundisha Tinka hizo hizo, akiomba ndizi nampa ndizi, Mzungu anafurahi anasema mnyama ameongea, lakini siku hizi Tinka anaunganisha viganja na kuviachanisha akitazama kufuli la kizimba chake, na kwetu hiyo ni kusema fungua, na Mzungu anasema hapo anaiga tu, sasa mimi sielewi, kama ndizi ni neno kwa nini fungua si neno, na kama yote ni tamaa ya ndizi basi nalipwa kwa uongo, na wiki jana nilimpeleka Wangui amwone Tinka nikidhani atafurahi, wakaongea, au wakaigana, sijui, ila Wangui alilia, na tangu siku hiyo ameficha mikono ndani ya leso, hanijibu. La mwisho aliloniambia ni hili: "Umempa mnyama maneno yetu, na mume wako hajajifunza hata moja." Sasa wageni wa ng'ambo wanakuja na nimeambiwa niwatafsirie anayosema Tinka. Niseme nini? Ama niache kazi?

Rahab, Naivasha, 1974

Rahab, pole, lakini nawe umeniudhi. Kama Tinka anaongea au anaomba chakula tu, mimi sijui, na nimeisoma barua yako mara mbili nikazidi kutojua. Huyo Mzungu wako naye anachagua la kusikia. Wageni wakija, waambie ulichoona na usiongeze chumvi: kwa ndizi alifanya hivi, na bila ndizi, akitazama kufuli, alifanya vile. Mwenye kufuli ajibu mwenyewe. Akikufuta kazi kwa hilo, njoo Nakuru utafute kazi nyingine.

Sasa twende kwako nyumbani. Zile ishara zilikuwa zenu wawili, ukazitoa bila kumuuliza mwenzako, kisha ukashangaa analia. Mwombe msamaha, mbele ya mumeo. Na huyo bwana aanze kujifunza leo, asijifanye ana kazi nyingi. Wakati wa chakula amuulize Wangui mwenyewe kama ameshiba. Akishindwa kuelewa jibu, wewe kaa kimya, usimtafsirie.