Uliita "Mlima" Ukiniangalia Mimi

Mpendwa Taniboi wangu,

Nimekuita hivyo tangu tukiwa vijana wa chuo, na hata ulipokuwa mwalimu mkuu mwenye koti na kalamu mfukoni sikuweza kukuita vingine. Jina lako lilikuwa Kibet. Mama yangu, ambaye ulimi wake wa Kikikuyu haukukubali neno liishe bila irabu, alikuita Kibeti, nawe ukaitika kana kwamba ndivyo ulivyobatizwa. Naandika barua hii hadharani, ingawa najua hutaisoma, kwa sababu nililokutendea nililitenda hadharani, kwenye uwanja uliojaa watu, na ukaondoka duniani bila mimi kukuomba msamaha mahali popote.

Uwanja wa mpira wa kikapu wa chuo chetu, kwenye barabara ya kwenda Chepkoilel, ulikuwa wa murram. Vijana wa siku hizi wanacheza kwenye saruji, hawajui taabu ya kudunda mpira juu ya changarawe. Mpira ukigonga kijiwe unaruka pembeni na kumfuata adui kama mbwa asiye na mwenyewe. Kwa hiyo mwenye kazi ya kuupandisha mpira, na kazi hiyo ilikuwa yangu, ilimbidi ainame na kuukazia macho. Ukiinama hivyo huwaoni wenzako wala wapinzani. Kocha wetu aliona hilo ni kosa la kurekebishwa. Wewe uliona ni lori.

Kila likizo ulifanya kazi ya utaniboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye lori la Mzee Abdi, yule Msomali mwenye duka la jumla mjini Eldoret, mkisafirisha mahindi. Ulijua kwamba dereva wa lori lililojaa, anaporudi nyuma, haoni chochote. Anasikiliza tu sauti ya aliyesimama nyuma, na anaiamini. Jioni moja baada ya mazoezi ulinikalisha kwenye nyasi ukanieleza mpango wako.

"Wewe ndiye dereva," ulisema. "Mimi nasimama chini ya ringi, nawaona wote. Hiki kichwa changu kwani kiliwekwa huku juu cha nini? Wewe angalia mpira. Mengine niachie mimi."

"Na ukinidanganya?"

"Taniboi akidanganya, lori linaingia mtaroni na yeye ako juu yake. Umeona taniboi gani mjinga hivyo?"

Basi tukacheza kwa lugha ya lori. Ukiita "Rudi!" nilijua njia imefungwa mbele yangu. Ukiita "Weka jiwe!" mwenzetu mmoja alikuja kusimama imara mbele ya aliyenikaba, kama lile jiwe linalowekwa nyuma ya gurudumu mlimani, nami nikapita kando yake. Na "Mlima!" ilikuwa yako peke yako. Nilirusha mpira juu kabisa bila kuinua macho, nawe ukaufuata huko angani na kuutia kikapuni. Sikuwahi kuangalia kama upo. Timu zilizotucheka kwa makelele yetu ya stendi zilirudi kwao zimenyamaza. Mimi nikabaki na jina la Dereva, mimi ambaye mpaka leo sijui kuendesha gari.

Jumamosi tulishuka mtaa wa Munyaka kwa Mama. Uliinama mlangoni, ukainama tena kwa kumpa mkono, ukakaa kwenye kile kigoda chake magoti yakikufikia kidevuni. "Kula, Kibeti," alikuambia. "Huyu wangu hata nikimlisha gunia haongezeki." Ulipomletea mursik kwenye kibuyu, alichungulia ndani akashtuka. "Ngai! Maziwa yenye makaa?" Wiki iliyofuata nilimkuta ameficha kibuyu kile nyuma ya mtungi wa maji, hana haja ya kugawana na mtu.

Ndipo akaja kocha wa kile chuo cha Nairobi. Alitutazama kwenye mashindano, akaniita kando, akaniambia wana nafasi, wana viatu, wana uwanja wa saruji, na kwamba wachezaji wao wakimaliza masomo huchukuliwa na timu za makampuni na kupewa kazi. Wakati ule kijana wa Munyaka asiye na mjomba serikalini hakusikia maneno kama hayo mara mbili. Sikumuuliza kama ana nafasi ya wawili. Nimeliwaza hilo mara nyingi, Kibet. Lingekuwa swali dogo tu.

Nilikuambia kwenye hoteli iliyokuwa karibu na stendi. Ulikoroga chai yako kwa muda mrefu, na hukuwa umetia sukari.

"Enda," ulisema.

"Na nyinyi?"

"Sisi tutatafuta dereva mwingine. Lori halilali gereji ati kwa sababu dereva ameoa Nairobi." Ukacheka, nami nikacheka kwa shukrani, kwa sababu ulikuwa umenirahisishia.

Nairobi haikunipokea vizuri. Kwenye saruji mpira ulirudi mkononi wenyewe, utii mtupu, na mimi bado niliinama kuutazama. "Inua kichwa!" kocha alinipigia kelele. "Unatafuta nini chini, umeangusha senti?" Wenzangu walicheza kimya, kila mmoja na macho yake. Sikuwa na sauti ya kunielekeza, na bila sauti nilikuwa kama lori kwenye ukungu wa Timboroa. Nikawekwa benchi, nikakaa huko mpaka nikaanza kuogopa kwamba nitarudishwa nyumbani.

Ratiba ikatuleta Eldoret, kucheza nanyi, kwenye murram yenu. Asubuhi ile kocha alinishika bega. "Hawa ni wako," akasema. "Unawajua. Nionyeshe leo kwa nini nilikuchukua." Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Utakumbuka tulivyosimama juani tukimngoja mkuu wa wilaya, maana siku zile mchezo haukuanza kabla ya mgeni wa heshima kuketi, na mwenyekiti wa tawi la chama alitutaka tupige makofi vizuri atakapofika. Mama alikuja na kiondo chake. Akakaa upande wenu. Nilipomwashiria kwamba mimi niko upande huu mwingine, alinijibu kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "Mimi nimekaa nilipozoea!" Watu wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote, ukaja ukanikumbatia.

Nilidhani mmebadilisha lugha. Ningekuwa mimi ningeibadilisha siku ile ile mwenzangu alipopanda basi. Lakini mchezo ulipoanza nikakusikia: "Weka jiwe!" Lugha ile ile, neno kwa neno. Sikuamini. Kisha ukaita "Mlima!" na kijana wenu mpya akaurusha mpira juu, na kabla sijaamua lolote miguu yangu ilikuwa hewani. Nikaunyaka. Naapa mara ile ya kwanza ulikuwa mwili tu. Masikio yangu yalikuwa yameitii sauti yako muda mrefu, hayakuwa yamearifiwa kwamba nimehama.

Mara ya pili niliamua. Ya tatu na ya nne vilevile. Kila ulipoita nilikuwa nimeshafika. Kocha alisimama anapiga makofi, na wenzangu wa Nairobi, ambao hawakuwa wakinisalimia, wakaanza kunipa mpira.

Mwishoni tuliwazidi kikapu kimoja tu, na mpira ulikuwa wenu. Ulisimama chini ya ringi. Kijana wenu alikuwa ameinama, anasubiri umwambie. Ukainua mkono, na badala ya kumwangalia yeye ukaniangalia mimi, machoni, kama mtu anayebisha hodi. Ukaita, "Mlima!"

Ulijua nimesikia. Ulikuwa umeshaona nilichofanya kwa neno hilo. Kwa nini uliita? Miaka mingi nilijiambia kwamba ulikosa neno jingine. Nilijua ni uongo. Uliniuliza swali, Kibet, mbele ya watu wote bila mtu mwingine kulielewa, na mimi nikakujibu. Niliruka, nikaunyaka mpira, nikakimbia nao mpaka upande wa pili nikafunga, na kelele za watu zikafunika kila kitu.

Wafula, yule mwenzetu aliyekuwa akisimama kama jiwe, alinikuta nikifungua viatu vyangu vipya. "Tulimwambia tubadilishe," alisema. "Timu nzima tulimwambia. Akakataa kabisa. Alisema tukibadilisha, tutakuwa tumekuita mwizi na bado hujaiba."

Jioni ile Mama aliandaa mukimo, akaweka sahani mbili. Hukuja. Aliifunika sahani yako kwa sahani nyingine, akaiweka karibu na moto. "Kibeti amekwama wapi?" aliuliza. Nikamwambia umechoka. Nikakuongezea uongo juu ya yale mengine.

Baada ya hapo mambo yangu yalininyookea, na hicho ndicho kinachoniuma. Niliingia kwenye kikosi cha kwanza, nikamaliza chuo, nikachukuliwa na timu ya kampuni, nikapewa meza ya kukalia mchana na jezi ya kuvaa jioni. Nikacheza Kampala na Dar es Salaam. Magazeti yaliandika kwamba nina macho mgongoni. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimejifunza kusikiliza wanaocheza, na hilo nililijifunzia kwako, na mtu wa kwanza niliyelitumia dhidi yake ulikuwa wewe. Goti lilipokataa, meza ilibaki. Nimelisha watoto kwa meza ile. Wewe ulifundisha vijijini, na kila nilipokuja Munyaka nilihakikisha siku zangu hazikutani na zako.

Kisha mambo yakaharibika. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana walikotoka babu zao, na sisi Wakikuyu tukaambiwa turudi huko. Nilikuja kumtoa Mama, nikazunguka mji mzima kutafuta gari. Wenye magari waliangalia kando. Nilirudi Munyaka mikono mitupu, nikamkuta Mama ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, na mwisho wa kichochoro lori la Mzee Abdi likijaribu kuingia kinyumenyume. Madereva wake walikuwa wamekataa ile barabara, kwa hiyo mzee alikuwa nyuma ya usukani mwenyewe. Na nyuma ya lori, ukiwa na koti lako la ualimu, ulisimama wewe. Kwa jina na sura yako ulikuwa wa kabila la waliokuwa wakitufukuza, mtu wa mwisho aliyetarajiwa kuonekana siku ile akiwasaidia watu wa mtaa ule.

"Rudi, rudi, rudi... kata kidogo... rudi... simama!" Kisha ukaniona, ukasema kana kwamba tulikuwa mazoezini jana, "Dereva, weka jiwe."

Nikainama, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mzee Abdi alichungulia dirishani. "Warya, huyu ndiye Dereva mwenyewe? Basi njoo uendeshe, mimi mgongo unaniuma."

"Huyo hajui, Mzee," ulimwambia. "Huyo ni wa kuelekezwa tu."

Mlicheka, na Mama akacheka huku akilia. Tulipakia vitu bila kuzungumza, mimi na wewe, kila mmoja upande wake wa kabati. Lori lilipojaa nilikushika mkono. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, tangu ile hoteli ya karibu na stendi mpaka uwanjani. Nikasema, "Kibet, siku ile..."

"Angalia Mama," ulinikatiza. "Mengine niachie mimi."

Nami nikapanda karibu na Mama. Sijui kama uliniachilia au uliona tu kwamba lori lina haraka. Nilipaswa kusema hata hivyo. Maneno yenyewe hayakuwa mengi kuliko vitu tulivyopakia.

Baadaye Mzee Abdi aliniambia hayo mengine yalikuwa nini. Kila Jumamosi ulishuka Munyaka ukafagia kiwanja cha Mama, ukafungua madirisha, ukaketi mlangoni kwa muda, ili wapita njia wajue nyumba ile ina mwenyewe. Uliendelea hivyo mpaka nyumba ilipopata mnunuzi wa haki. Hukuniandikia hata mara moja kunieleza. Na barabara zilipotulia uliwatuma watu waniambie nije, nami nikawajibu nitakuja. Nilikuwa na goti, nilikuwa na kazi, nilikuwa na mvua. Habari za kifo chako zilinikuta huku Nyahururu, nilikomhamishia Mama, na hata mazishini sikufika. Nilivaa koti, nikakaa kitandani nimelivaa mpaka basi la asubuhi likaondoka.

Mama nimemwangalia kama ulivyoagiza, hadi mwisho wake. Siku zake za mwisho alichanganya watu, akawa akimwambia mjukuu wake mrefu, "Kula, Kibeti." Sikumsahihisha.

Sasa mimi ni mzee na sina wa kumwangalia. Naketi nje jua likiwa la kuvumilika, nafumba macho, na uwanja ule unarudi na vumbi lake jekundu. Kijana wenu ameinama. Wewe uko chini ya ringi, mkono juu, unaniangalia mimi. Unaita. Nami kila siku najaribu kuilazimisha miguu yangu ibaki chini, nisimame tu pale kwenye murram, mpira upite juu ya kichwa changu ukufikie mikononi. Siku nyingine naweza.

Pumzika, ndugu yangu.

Ni mimi, Dereva wako, ambaye mpaka leo hajui njia bila wewe.