Nilivyokifunga Chama Chako cha Mdahalo

Mwalimu Yonasani,

Nianze na lililo baya, maana ukilisikia kwa mwingine utasema Rukia amejificha. Chama chako cha mdahalo kilifungwa, na aliyekifunga ni mimi. Ni miezi minne tu tangu tukuzike kwenu Omugo. Ulikilea miaka yote ile kwa chaki za kuomba na viti vya kuazima, nami nikakimaliza kwa dakika tatu, nimesimama wima, kwa sauti ileile uliyonifundisha wewe.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Muhula huu wanafunzi waliomba wachague mada wenyewe, nikawakubalia. Wakachagua hii: "Waliokimbilia Zaire waliteseka kuliko waliokimbilia Sudan." Ungecheka. Nusu yao walivuka mpaka wakati wa vita wakiwa mgongoni mwa mama zao, lakini kila mmoja alikuja na njaa yake tayari kuishindanisha. Sheria yako ilikuwa kwamba mtu hutetea upande asioutaka. Mimi niliwahurumia. Nikasema mara hii kila mtu akae upande wake. Basi wa Zaire wakakaa huku, wa Sudan kule, na kabla ya kengele ya dakika ya tano kijana mmoja wa darasa la Sinia Tatu akawaambia wa Sudan kwamba huko walilishwa mahindi ya Wazungu mpaka wakanenepa. Benchi likavunjika. Jino likatoka pia, la huyohuyo msemaji, yule mtoto kutoka Abuku anayecheka ovyo. Sasa anacheka mdomo umefungwa.

Mwalimu Mkuu akaitisha kikao cha walimu. Unamjua. Si mtu mbaya, ila tangu turudi kutoka ukimbizini anaogopa kila kundi la vijana linalopaza sauti. Alisema chama kinafukua makaburi, kifungwe. Kisha akanipa nafasi niseme, kwa kuwa mimi ndiye mlezi wa chama.

Nami nikafanya ulivyonizoesha. "Anza na neno la mpinzani wako, Rukia, tena liseme vizuri kuliko yeye." Nikasema ni kweli watoto hawa wana vidonda ambavyo havijafunga. Ni kweli shule haina benchi la kuvunja. Ni kweli mzazi aliyetoka Abuku alimleta mwanawe asome, hakumleta ang'olewe jino. Walimu wakawa wanaitikia kwa vichwa, na mimi, mjinga, nikaona raha. Nikameza mate ili niseme "lakini". Mwalimu Mkuu hakuingoja. Vikao vyetu huwa kwa Kiingereza, ila akitaka kumaliza jambo hurudi kwenye Kiswahili cha sokoni.

"Basi. Hata mwenye chama nasema vile vile. Maneno imekwisha."

Akafunga daftari. Nilibaki nimesimama na "lakini" yangu mdomoni.

Ijumaa ile saa tisa nilipita kwenye darasa tulilozoea kukutana. Mlango ulikuwa na kufuli. Nililia, tena kwa hasira. Sheria yako ya kumsemea mpinzani niliiacha darasani palipoihitaji, nikaitumia kikaoni pasipoihitaji. Sijui kama kuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kukuaibisha hivyo.

Mengine ya hapa ni madogo. Koti lako bado linaning'inia kwenye msumari katika chumba cha walimu. Hakuna anayethubutu kuliondoa, ila mvua ikinyesha mwalimu wa hesabu hulivaa kwenda chooni, kisha hulirudisha kwa heshima zote. Wasichana wetu wa netiboli walikwenda Koboko wakafungwa vibaya, wakarudi wakiimba njia nzima, ungedhani wameleta kombe. Mkeo ameanza kucheka tena, kidogo. Sikujua kama nikuambie hilo, lakini nadhani ungependa kulijua.

Nilikaa na aibu yangu wiki tatu. Jana, Jumatano, kikao kikaitishwa tena, na tulipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita nikanyoosha mkono. Safari hii sikuanza na neno la mpinzani. Nilianza na langu.

Niliwasimulia mdahalo wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko Sinia Mbili, nimetoka Zaire juzijuzi, binti kutoka Midia ambaye baba yake alikuwa sajini na hakurudi. Hakuna aliyekaa benchi moja nami kwa hiari yake. Ukaandika ubaoni: "Watoto wa wanajeshi wasipewe nafasi katika shule hii." Ukageuka, ukasema, "Rukia utaunga mkono." Mwalimu, nilitamani ardhi ipasuke. Nilisimama nikawaeleza watu kwa nini nifukuzwe, na wewe umeinamia saa yako.

Upande wa kupinga ulimpa mwanafunzi mwenzangu, Amosi. Shule nzima ilijua kwamba wanajeshi walimuua baba yake mbele ya nyumba yao. Alianza kwa Kiingereza, akakwama. Mtunza saa akaanza kuigusa kengele. Ndipo akasema kwa Kiswahili, lugha ileile waliyoisema waliomuua baba yake:

"Baba yangu iko chini ya udongo. Lakini huyu dada hakuua mutu. Yeye nataka soma tu, kama mimi."

Akakaa. Wiki iliyofuata alihamia benchi langu bila kuambiwa na mtu.

Nikawaambia pia nililolisikia Omugo siku ya mazishi. Dada yako alinishika mkono akanieleza kwamba kaka yenu mkubwa naye aliuawa na wanajeshi, mwaka uleule tuliokimbia. Hukuwahi kusema. Miaka yote nilidhani mada ile uliiandika kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Amosi. Kumbe maneno ya ubaoni yalikuwa yako, yalikuwa yamekukaa moyoni, na ulikuwa unatafuta mtu wa kuyashinda.

Mwalimu Mkuu akavua miwani akaishika tu. Mlikaa meza jirani miaka yote hiyo, na habari ya kaka yako hakuijua. Baadaye akasema polepole, "Ijumaa, saa tisa. Lakini mimi nakuja kaa pale nyuma."

Basi ni kesho, Mwalimu. Chama kipo. Mada ni ileile, na pande nimeshazigawa: yule kijana aliyepoteza jino kwa ajili ya Zaire atawatetea wa Sudan. Amenuna tangu jana, nami nimemwacha anune.

Nakuaga sasa, nina madaftari ya kusahihisha. Nakuahidi kwamba kila Ijumaa nikiwa hai na nikiwa shule hii mlango ule utakuwa wazi, na mtoto nitakayempa upande mgumu nitamtazama usoni mpaka amalize, hata kama wewe hukuweza.

Limebaki moja. Siku ile ya mdahalo wangu wa kwanza nilikuchukia. Niliapa sitakusamehe, nikatoka bila kukuaga, na uliniona. Kisha nikawa msemaji wako, nikawa mwalimu mwenzako, tukanywa chai pamoja kila siku ya kazi, ukaugua siku tatu tu ukaondoka. Sikupata kukuambia kwamba niliacha kukuchukia. Niliacha, Mwalimu. Niliacha zamani sana.

Rukia